Bango kubwa, RAM ndogo

Swali: Natengeneza mabango ya maduka kwa Photoshop. Nikifungua bango la mita 3 kwa 1, kompyuta yangu yenye RAM ya GB 4 inaganda. Ninunue nyingine?

Jibu: Usikimbilie dukani. Angalia kwanza ukubwa wa picha yenyewe. Kwa nukta 300 kwa inchi, bango hilo lina pikseli takriban milioni 418. Kila pikseli ya rangi tatu huchukua angalau baiti 3, kwa hiyo tabaka moja lililojaa linakula karibu GB 1.3. Usidanganywe na udogo wa faili la JPEG kwenye diski: likifunguliwa, mgandamizo wote huondoka.

Bango husomwa kwa mbali. Anza kazi kwa nukta 100 kwa inchi, mzigo utapungua mara tisa. Mwulize tu mchapaji wako kama anaridhika. Unganisha matabaka uliyokwisha kuyamaliza, lakini hifadhi nakala kwanza, tafadhali! Punguza idadi ya hatua za kurudi nyuma, na ufunge kivinjari. RAM ikijaa, Photoshop huhamishia kazi kwenye diski, kwa hiyo bakiza nafasi ya kutosha, hasa kwenye SSD. Ukipata fedha, ongeza RAM kabla ya kufikiria mashine mpya.