Hundi Iliyoandikwa Hesabuni Si Fedha Bado

Ukimuuzia nazi mnunuzi wa Kwamndolwa, Korogwe, naye akakupa hundi, karani wa benki Chake Chake aweza kuiandika katika hesabu yako siku ile ile. Usidhani fedha zimekwisha fika. Benki ni wakala wako tu. Yaipasa kwanza kuzidai kwa benki ya mnunuzi. Hundi ikirudi, itakata kiasi hicho katika hesabu yako, hata kama umekwisha kukitumia, na kumdai mnunuzi ni kazi yako. Ndivyo ilivyo sheria tuliyoirithi kwa Waingereza. Lakini benki ikiichelewesha hundi kwa uzembe, au ikikuhakikishia kwamba fedha zimepokewa kumbe sivyo, hasara yaweza kuwa yake. Basi kabla ya kupakia nazi chomboni, uliza kama fedha zimepokewa, wala si kama zimeandikwa, na jibu ulitake kwa barua.