SOMO: MLAFI NI NANI?

Someni kwanza: Matayo 11:19, 1 Wakorinto 11:20-22.

Hata Bwana Yesu aliitwa mlafi na watu waliomchukia, kwa sababu alikula pamoja na wenye zambi. Neno hili ni fupi, lakini linaumiza. Hapa Bukavu wengi husema mulafi. Tujue maana yake kabla ya kumwita mtu hivyo.

1. Neno limetoka wapi?

Limetoka katika neno kula. Shina lake ni -la, nalo ni la kale sana: Washi husema okulya, Wanyarwanda kurya, wasemaji wa Lingala kolia. Katika shina hilo tunapata chakula, mlo, mlaji na mlafi. Lakini mlaji si mlafi. Mlaji ni kila mtu alaye. Mlafi ni yule alaye kupita kiasi, ambaye tumbo limekuwa bwana wake. Mwenzake ni mroho, neno lililotoka katika roho. Yeye hutamani kila akionacho. Basi maneno haya hayapimi ukubwa wa tumbo. Yanapima tamaa.

2. Nani si mlafi?

Mtu alimaye tangu asubuhi, na mama anyonyeshaye, wanahitaji chakula kingi. Hao si walafi.

Mtu alaye sana na huku anakonda, mwenye kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, pengine ana ugonjwa wa sukari. Aje hospitali apimwe.

Mtoto mwenye tumbo kubwa asichekwe. Tazameni miguu: je, imevimba? Nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi? Ngozi inabambuka? Huo ni bwaki, ambao waganga huuita kwashiorkor. Mtoto huyo mara nyingi hana hata hamu ya kula. Amelishwa bugali wa muhogo siku zote, bila chakula cha kujenga mwili. Ugonjwa huu umesumbua Kivu kwa miaka mingi. Hata mwaka 1965 watu wa Bukavu walianzisha Comité Anti-Bwaki ili kupigana nao. Mleteni hospitali upesi, maana bwaki huua.

3. Nani ni mlafi?

Ni baba alaye sambaza zote na kuwaachia watoto mchuzi. Ni mgeni amalizaye sahani huku wenye nyumba hawajala. Mtume Paulo aliwakaripia Wakorinto kwa jambo hilo hilo: mmoja alishiba, mwenzake alibaki na njaa.

Basi, baba na mama, gawanyeni chakula hivi: mtoto mdogo apewe sahani yake mwenyewe, na ndani yake sambaza, maharagi au yai, pamoja na sombe na mafuta kidogo ya mawese. Mkubwa apokee baada yake.

Maswali

1. Mlaji na mlafi wanaachana wapi?
2. Taja alama tatu za bwaki.
3. Jana jioni nyumbani kwako, nani alipewa samaki kwanza?