Hesabu Siyo Uchawi

Hebu tuseme ukweli kijana mwenzetu. Ukisikia "kesho pepa la Hisabati", moyo haukudundi? Viganja havitoki jasho? Wengine tumeshajihukumu tangu kidato cha pili: "Mimi hesabu hapana, nitajitetea kwa Kiswahili na Uraia." Hukumu hiyo inatuangusha kabla hata ya kugawiwa karatasi.

Wewe unayesoma huku Ngara unajua habari za Lukole. Katika miaka ya 1990 palikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi kutoka Burundi, nayo ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 2000. Watoto wa kambini walifundishwa kwa mtaala wa kwao, ili wakirudi nyumbani waendelee na shule. Hawakujua watarudi lini. Lakini mbili mara tatu ni sita Lukole, na ni sita Bujumbura. Hesabu uliyoielewa unahama nayo.

Kwanza, ijue pepa yenyewe

Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne wa 2022 ulikuwa na maswali 14 kwa saa 3: maswali 10 ya alama 6, na 4 ya alama 10. Alama D huanzia 30, na C huanzia 45. Sasa piga hesabu: ukipata maswali matano tu ya alama 6 barabara, tayari una 30! Anayetaka tahasusi yenye Hisabati kidato cha tano alenge C au zaidi.

Gawa muda. Swali la alama 6 lipe dakika 10, la alama 10 lipe dakika 18. Utabakiwa na dakika 8 za kukagua. Likikukwamisha, liruke, utalirudia.

Pili, onyesha njia

Madaftari 3 na kalamu 2 ni shilingi 4,200. Daftari 1 na kalamu 4 ni shilingi 2,400. Daftari moja ni bei gani?

3d + 2k = 4,200
d + 4k = 2,400

Zidisha mstari wa kwanza kwa 2: 6d + 4k = 8,400. Toa mstari wa pili: 5d = 6,000. Basi d = 1,200, na k = 300. Rudisha majibu kwenye mstari wa kwanza: 3,600 + 600 = 4,200. Safi!

Hata ukikosea kutoa mwishoni, milinganyo uliyoiandika vizuri inaweza kukupa alama. Anayeandika jibu tupu akikosea, hana cha kujitetea.

Tatu, tunza mwili

Ukiogopa, mwili humwaga adrenalini na moyo hukimbia. Akili ikijaa "nitafeli, nitafeli", nafasi ya kushika namba inapungua. Dawa yake? Weka kalamu chini. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Rudia mara tano, kisha anza na swali unaloliweza.

Na kukesha je? Eti kupiga msuli hadi alfajiri ndiyo ushujaa! Ubongo huhifadhi ulichosoma wakati umelala. Kijana wa rika lako anahitaji saa 8 hadi 10. Vidonge vya kuzuia usingizi achana navyo kabisa. Lala ndani ya chandarua, na ukihisi homa wahi zahanati ukapime malaria, usisubiri siku ya mtihani. Asubuhi kunywa uji, au kula hata kiporo cha ndizi na maharage. Dada, kama siku zako ziko karibu, weka pedi kwenye mkoba mapema.

Anza leo

Maswali matatu kila siku, kwa kalamu na karatasi, siyo kwa macho. Ukikwama, muulize mwalimu au mwenzako bila aibu. Kwa siku 100 utakuwa umefanya maswali 300. Nani atakuambia tena kwamba hesabu siyo yako?

Jiulize: Ni mada ipi unayoikimbia zaidi? Basi anza na hiyo, jioni ya leo.