UFAGIO WA NYUMBANI NA GHALA LA MAHINDI

Somo la mwezi huu halihusu mbegu wala mbolea. Linahusu ufagio. Huenda mkulima mwanamume akataka kufunua ukurasa mwingine akisema, "Hilo ni jambo la akina mama." Namwomba asifunue. Somo hili ni lake kuliko la mtu mwingine yeyote, kama lilivyokuwa langu mimi, nami nililipa magunia matano ya mahindi ili kujifunza.

Magunia matano

Nililelewa huku Saboti, chini ya Mlima Elgon, katika boma la nyanya yangu mzaa baba. Kukhu alikuwa mkali kwa usafi. Kabla jua halijapanda, dada zangu walikuwa wamekwisha kufagia uwanja, kuosha sufuria na kuzianika juu ya kichanja. Kila Jumamosi walisiriba sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, ili vumbi lisitimke na funza wasipate mahali pa kuzaliana. Sisi wavulana tulifungua ng'ombe tukaenda zetu malishoni. Siku nikishika ufagio, wakubwa walinicheka wakiniuliza, "Je, wewe unataka kuolewa?"

Nikakua hivyo. Nilipofika chuo cha ualimu nilijifunza kuandika ubaoni sheria kumi za usafi kwa mwandiko mzuri. Baadaye niliacha kufundisha nikawa karani katika ofisi ya kilimo. Maagizo ya kusafisha ghala nimeyapiga chapa mara nyingi, nami nayajua kwa moyo.

Mwezi wa Novemba 2018 nilivuna magunia 14. Ghalani mlikuwa na nusu gunia ya mahindi ya mwaka uliotangulia. Niliisukuma pembeni, nikaweka mahindi mapya. Sikufagia.

Mwezi wa Machi 2019 mke wangu aliniita: "Baba watoto, njoo utazame." Chini ya magunia palikuwa na vumbi jeupe kama unga. Nilitia mkono ndani ya gunia nikaona punje zina joto. Magunia matano yalikuwa yamebunguliwa kabisa. Mwezi wa Juni, bei ya mahindi ilipopanda, mimi niliyetazamia kuuza ili nilipe karo nilikuwa sokoni nikinunua.

Mke wangu hakunigombeza. Alisema neno moja tu: "Nyumba hii naifagia kila siku. Ghala ni lako, na tangu tuoane sijakuona ukilifagia."

Sikuwa na jibu. Maagizo niliyajua, wala sikuwa mvivu. Lakini sikulelewa kuuona uchafu wa ghala kuwa ni kazi yangu. Jicho langu liliupita tu.

Adui anayengoja pembeni

Tuone sasa ni nini kilichotokea mle ndani. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani yake, kisha huziba tundu. Mtoto wake hula punje kwa ndani, mkulima asione kitu. Baada ya majuma matano au sita, kukiwa na joto, fukusi mpya hutoka, naye huanza kutaga. Jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 100 maishani mwake. Hesabu mwenyewe ni wangapi watapatikana kutoka Novemba hadi Machi.

Wengine huingia na mahindi kutoka shambani. Lakini wengine hungoja ghalani, ndani ya nyufa za mbao, katika mishono ya magunia ya zamani, na katika punje chache zilizosahauliwa pembeni. Mkulima anayemwaga mahindi mapya juu ya takataka za mwaka jana amewaandalia karamu.

Yuko pia dumuzi, mdudu mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kati. Katika Kenya alionekana kwanza Taveta, mwaka 1983. Huyu hula mahindi kwa ukali kuliko fukusi, na hutoboa hata mbao za ghala. Ghala lisilokaguliwa humfaa sana.

Mbegu hubadilika upesi, mazoea hukawia

Mwaka 1964 mahindi chotara ya kwanza ya Kenya, yaitwayo H611, yalitolewa kutokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Kitale. Wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma waliipokea mbegu chotara, na mavuno yakaongezeka. Mtu aweza kubadili mbegu kwa msimu mmoja, kwa kuwa huinunua dukani. Zoea haliuzwi dukani. Mtu hulipata utotoni, kwa kuona na kutenda.

Hata watu wenye elimu kubwa wako hivyo. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba akina mama wengi walikufa kwa homa ya uzazi katika wodi ya madaktari. Aliwaagiza madaktari na wanafunzi wao wanawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi wa Aprili mwaka ule walikufa wazazi kama 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni, baada ya agizo lile, walikufa kama wawili tu. Hata hivyo madaktari wengi wa siku zile walilikataa fundisho lake. Walikuwa wamezoea kujiona wasafi. Kama madaktari walishindwa kuliacha zoea lao kwa kuonyeshwa hesabu, tusishangae kwamba mkulima hafagii ghala kwa sababu ya kusomewa karatasi na karani.

Somo katika kibuyu cha maziwa

Lakini tusiseme kwamba mila zetu hazina usafi. Tazama kibuyu cha maziwa kwa Wakalenjin. Mama hukiosha, hukikausha, kisha hukisugua ndani kwa kaa la mti maalumu kabla ya kutia maziwa. Binti hujifunza kazi hiyo kando ya mama yake, na akiwa mtu mzima mikono yake huifanya bila kuagizwa.

Kwa nini kazi hii ilifundishwa kwa bidii namna hii, na kufagia ghala kukasahauliwa? Nadhani sababu ni kwamba kibuyu kichafu hulipiza kisasi upesi. Maziwa yakiharibika, kila mtu hujua kosa ni nini. Ghala chafu hulipiza baada ya miezi mitatu au minne. Wakati huo mwenye kosa amekwisha sahau, naye husema ni bahati mbaya, au mbegu mbaya, au kijicho cha jirani.

Tena kuna sababu ya pili. Katika maboma mengi ufagio ni wa wasichana, na ghala ni la mwanamume. Basi aliyefundishwa kufagia hana ghala, na mwenye ghala hakufundishwa kufagia. Hapo katikati ndipo fukusi anapokaa.

Jinsi ya kumlea mtoto katika usafi

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yafuatayo nimeyajaribu katika nyumba yangu.

1. Anza mapema. Mtoto wa miaka minne aweza kurudisha kikombe chake mahali pake na kufagia kwa ufagio mdogo. Wa miaka saba aweza kufagia uwanja. Wa miaka kumi aweza kuosha vyombo vizuri na kuvianika kichanjani juani.

2. Wavulana na wasichana wafanye zamu sawa. Usimcheke mvulana mwenye ufagio. Kicheko kimoja cha baba hubomoa mafundisho ya mwaka mzima ya mama.

3. Fanya naye. Mtoto hafuati sana neno lako. Hufuata mkono wako. Baba akishika ufagio siku moja kila juma, watoto hawatahitaji hotuba.

4. Mpe sababu. Mwambie, "Tunanyunyiza maji kwanza ili vumbi lisituingie kifuani." Mwambie, "Tunanawa kwa sabuni tutokapo chooni na kabla ya kula, kwa sababu uchafu usioonekana ndio uletao kuhara."

5. Usifanye usafi kuwa adhabu. Hapa naungama kosa langu. Nilipokuwa mwalimu niliwapa wachelewaji kazi ya kufagia darasa. Nilidhani nawafundisha kuwahi. Kumbe niliwafundisha kwamba ufagio ni fimbo, na kwamba mtu mwema ni yule asiyefagia.

6. Weka wakati maalumu. Kazi iliyofungwa kwenye jambo jingine, kwa mfano kabla ya chai ya asubuhi, husimama. Kazi ya "wakati wowote" hulala.

Kazi ya kabla ya mavuno

Sasa twende ghalani. Huku kwetu mahindi huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Basi majuma mawili au matatu kabla ya kuvuna, baba na watoto wakubwa, wavulana kwa wasichana, wafanye haya:

1. Toeni mahindi yote ya zamani. Yaliyo mazima yaliwe kwanza au yauzwe. Yasichanganywe kamwe na mapya.

2. Fungeni kitambaa puani, kisha fagieni kuanzia juu kwenda chini: paa, kuta, nyufa, sakafu, na chini ya sakafu.

3. Takataka zichomwe au zifukiwe shimoni. Mkizitupa nyuma ya ghala, wadudu watarudi kabla yenu.

4. Zibeni matundu. Ghala la nguzo liwe juu ya ardhi kiasi cha mita moja, na kila nguzo ivikwe bati la kuzuia panya. Fyekeni nyasi zote kandokando.

5. Magunia ya zamani yageuzwe ndani nje, yakung'utwe, yatiwe katika maji yanayochemka, kisha yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa.

6. Mahindi yakaushwe mpaka maji yaliyobaki ndani ya punje yawe kiasi cha 13.5 katika 100. Asiye na kipimo atumie chupa kavu yenye mfuniko. Tia mahindi na chumvi iliyokaushwa, tikisa, uache kitambo. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi.

7. Pangeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na kuyakagua kila majuma mawili.

Kufagia peke yake hakutoshi kuzuia kuvu. Hapo kukausha ndiko kunakookoa. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zao, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Mahindi yaliyoota kuvu yasiliwe, wala wasipewe ng'ombe, kwa kuwa sumu hiyo hupita ikaingia katika maziwa.

Kuhusu dawa za kuhifadhi nafaka na mifuko isiyopitisha hewa, mwulize bwana shamba au bibi shamba wa kwako, nawe usome karatasi ya dawa. Unga wa dawa usio na maandishi usiununue hata ukiwa rahisi. Watoto wasiguse dawa kamwe. Kazi yao ni ufagio.

Neno la mwisho

Oktoba iliyofuata hasara yangu, nilifagia ghala mimi mwenyewe. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka minane, alisimama mlangoni akaniuliza, "Baba, hii si kazi ya mama?" Nilimpa ufagio mdogo, nikamwonyesha ufa mmoja wa ubao. Tuliukwangua pamoja, wakatoka fukusi wapatao kumi. Hakuuliza tena swali lile. Tangu siku hiyo, mavuno yakikaribia, yeye ndiye anikumbushaye.

Bado nafuatwa na tabia yangu ya zamani. Kuna siku napita penye takataka nisizione. Mtu aliyejifunza ukubwani hujifunza kwa kuchechemea. Lakini mwanangu haoni tabu yoyote. Namtazama nikajua kwamba siku atakapokuwa na ghala lake, hatahitaji kusoma somo hili.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika kikundi

1. Katika boma lenu, ni nani hufagia ghala, na mara ya mwisho lilifagiliwa lini?

2. Taja mahali patatu ambapo fukusi hungoja mahindi mapya.

3. Ni zoea gani la usafi ulilopewa na wazazi wako, ambalo hulifanya bila kufikiri? Na ni lipi hukupewa?

4. Je, wavulana wenu wana zamu ya ufagio? Kama hawana, ni nani atakayeanza kuwaonyesha, na siku gani?