Jicho la Mpasuaji

KIJANA: Mzee, nasikia wapasuaji wa siku hizi hufungua ubongo huku wakitazama kioo cha televisheni wala si mgonjwa. Je, hiyo si dharau?

TABIBU MSTAAFU: Dharau haimo, mwanangu. Hadubini yenyewe, iliyoingizwa katika upasuaji na Carl Nylén, tabibu wa masikio wa Stockholm, mwaka 1921, haikuwafikia wapasuaji wa ubongo hadi mwaka 1957, Theodore Kurze alipoitumia kule Marekani. Kisha Yaşargil wa Zürich, aliyechoshwa na chombo kizito kisichosogea ila mtu aachie vyombo vya mkononi, akakitundika kwa mizani kikawa chepesi, akakitia swichi ya kuumwa kwa meno. Kioo ni mwendelezo wa hayo: kamera hukaa juu ya jeraha, tabibu huvaa miwani maalumu akaona kina pasipo kuinama, na msaidizi, ambaye zamani aghalabu aliambulia kuona bega la mwalimu wake, huona kile kile aonacho mwalimu. Nami faida hii ya pili naithamini kupita ya kwanza.

KIJANA: Lakini kukuza kitu si kukitambua.

TABIBU: Naam, hapo ndipo penye ugumu, maana glioma kali, yaani uvimbe mbaya wa ubongo, haina ukingo, hujipenyeza katika nyama nzima, na kwa taa nyeupe hufanana nayo. Walter Stummer na wenziwe wa Ujerumani waliwanywesha wagonjwa asidi ya aminolevulini iliyoyeyushwa katika maji, takriban saa tatu kabla ya nusukaputi; chembe za uvimbe huigeuza ikawa porfirini, na taa ya buluu ikiwashwa, palipo na ugonjwa hung'aa mithili ya kaa la moto. Kwa matokeo waliyoyatangaza mwaka 2006, uvimbe ulioonekana katika picha uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliopewa dawa, ilhali kwa taa nyeupe peke yake ilikuwa asilimia 36.

KIJANA: Basi na akate kila king'aacho!

TABIBU: Hasha! Mng'ao hausemi kama hapo ndipo mgonjwa anapopatia maneno yake. Ndiyo sababu wengine huamshwa katikati ya upasuaji, kwani ubongo wenyewe hausikii maumivu, wakaonyeshwa picha wazitaje, huku tabibu akigusa kwa umeme hafifu. Mgonjwa akiona kiti na jina likamkwama, pale hapakatwi, hata pakiwa pekundu namna gani.

KIJANA: Na zile ramani za kompyuta zinazomwongoza mpasuaji?

TABIBU: Hutokana na picha zilizopigwa kabla. Katika uti wa mgongo hufaa sana kuongozea skrubu, maadamu mfupa haubonyei. Bali fuvu likifunguliwa na maji yake yakachuruzika, ubongo huzama kidogo, na ramani husalia kuonyesha pale ulipokuwa. Wenye mali huweka mashine ya MRI mle mle chumbani. Mimi, kwa hospitali yenye fedha za kuhesabu, ningenunua kwanza altrasaundi, ambayo huwekwa juu ya ubongo wenyewe ikaonyesha uvimbe ulipo saa ile ile.