Mama Anapojifungua Apewe Heshima Yake

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga. Je, sisi tungojao nje ya chumba cha kuzalia tumepata kuuliza mama anatendewaje humo ndani?

Yako mambo ambayo akina mama husimuliana kwa kunong'ona tu: kutukanwa, kupigwa makofi, kuachwa peke yao saa ya uchungu, kuvuliwa nguo pasipo pazia. Wengi hunyamaza wakidhani ndiyo desturi. La, sivyo! Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya, huko Bungoma, ilikata kesi ya mama aliyejifungua sakafuni katika hospitali ya serikali mwaka 2013, kisha wauguzi wakamtukana na kumpiga. Mahakama ilitamka kuwa haki zake na utu wake vilivunjwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi 2,500,000 za Kenya.

Mtu atasema: muuguzi akiwa mpole, mama atazembea na mtoto atakufa. Twajua kwamba wauguzi ni wachache na kazi yao ni nzito, nasi twawashukuru. Lakini tusi halimwokoi mtoto. Hofu yaweza kuuchelewesha uzazi. Tena mama aliyeaibishwa leo, mimba ijayo atajificha nyumbani. Na huko damu ikimtoka kwa wingi, yaweza kumwua kwa saa chache tu.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2018, lilitaka kila mama atunzwe kwa heshima, aelezwe hali yake, na awe na mwenzi amchaguaye mwenyewe. Uchunguzi umeonyesha kwamba mama mwenye mtu wa kumtia moyo muda wote huelekea kujifungua upesi zaidi, na hupasuliwa mara chache zaidi.

Wakristo hatuna budi kulifahamu jambo hili. Bikira Maria aliposikia kwamba Elizabeti ana mimba katika uzee wake, alikwenda kwa haraka milimani, akakaa naye kama miezi mitatu.

Basi, yatupasa kufanya nini? Kwanza, mume aulize mapema hospitalini kama mkewe aweza kuwa na mwenzi, naye amwache mkewe amchague. Pili, mama mkwe asimwite mwoga mkaza mwana anayelia. Tatu, muuguzi Mkristo amtajie mama jina lake, avute pazia, na aombe ruhusa kabla ya kumgusa. Nne, mama aliyetendewa vibaya asinyamaze, wala jamaa yake wasimnyamazishe. Wampeleke kwa mganga mkuu wa mahali pale aseme.

Mtoto aingiapo duniani hutukuta tukisema. Sauti ya kwanza aisikiayo isiwe tusi analotukanwa mama yake.