Jirani Anayetambika

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 20:1–18, Yoshua 22:10–34, Matendo 14:8–18, Kumbukumbu la Torati 18:9–14, Mhubiri 9:5, 6, 2 Wafalme 5:15–19, 1 Wakorintho 10:25–28.

Fungu la kukariri: Kutoka 20:16.

Ukipanda kutoka mjini Morogoro kwenda Kinole, Matombo au Kolero, utapita makanisa na misikiti mingi. Wamisionari Wakatoliki walifika Morogoro miaka ya 1880, na leo ni vigumu kumpata Mluguru asiye na jina la Kikristo au la Kiislamu. Hata hivyo tambiko halijashuka mlimani. Lukolo, yaani ukoo unaohesabiwa upande wa mama, bado unawakumbuka wazee wake. Vijana wanaotoka katika nyumba hizo wanakaa nasi darasani kila Sabato, na humo humo darasani huwasikia bibi zao wakisemwa. Juma hili tutajiuliza kama yale tunayosema ni kweli.

JUMAPILI: Ibrahimu hakuuliza

Soma Mwanzo 20:1–18. Kwa nini Ibrahimu aliwaogopa watu wa Gerari?

Jibu lake liko katika fungu la 11. Aliiangalia nchi ya wageni, akahitimisha kwamba hofu ya Mungu haimo. Hakumwuliza mtu. Kumbe Mungu mwenyewe alikuwa amesema na Abimeleki usiku, na asubuhi na mapema mfalme yule aliwaita watumishi wake, wote wakaogopa sana (fungu la 8). Katika sura hii anayesema uongo ni nabii, na anayeogopa dhambi ni mtu wa mataifa.

Tusilivute fungu kupita kiasi. Mwanzo haisemi kwamba ibada za Gerari zilikuwa sahihi. Inasema kwamba Ibrahimu aliwadhania watu jambo lisilo la kweli, na nyumba nzima ikaumia kwa sababu hiyo (mafungu ya 17 na 18).

Je, Ibrahimu angefanya nini ili ajue ukweli kabla ya kusema?

JUMATATU: Maneno tunayoyachanganya

Neno “mpagani” lina asili ya Kilatini, na mwanzoni lilimaanisha mtu wa shamba, mtu wa kijijini. Wakristo wa mijini ndio waliolifanya kuwa jina la mtu asiyeamini. Kwetu lilikuja na misheni, likakaa jirani na “mshenzi”, na mpaka leo wapo wanaoyatumia kama neno moja. Mtu anayetambika hajiiti hivyo. Ukimwuliza dini yake atakuambia Mkristo, au Mwislamu, au atakuambia anafuata mila za wazee. Hata idadi ya wafuasi wa mila nchini haijulikani, kwa maana sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ile ya 1967.

Wala usidhani ni wazee wasiosoma peke yao. Wamo walimu, wamo watumishi wa serikali wenye shahada, wanaopanda kijijini mwisho wa mwaka kwa sababu ukoo umeita.

Lakini mchanganyo wa hatari zaidi ni ule wa maneno matatu: tambiko, uganga na uchawi. Tambiko ni jambo la ukoo, hufanywa hadharani, na kila mwanaukoo anajua siku yake. Huwa ni unga, pombe, pengine kuku au mbuzi, na maneno ya kuwataja waliotangulia ili mvua inyeshe, mgonjwa apone, ugomvi uishe. Uganga ni kazi ya kutibu, na wenye kazi hiyo wana sheria yao ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Uchawi ni kumdhuru mtu kwa siri, na hakuna anayeuogopa na kuuchukia kuliko huyo huyo anayetambika. Kumwita mchawi ni tusi kwake kama lilivyo kwako.

Kwa nini tushughulike na tofauti hizi? Kwa sababu katika nchi yetu neno “mchawi” limeua. Huko Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wameuawa, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Mwaka 2009, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi wote, wema na wabaya kwa pamoja. Waliofanya unyama ule walistahili mkono wa sheria. Lakini bibi anayemwaga unga chini ya mti hayumo katika kesi hiyo, na mwalimu wa lesoni anayemtia humo kwa mdomo wake ameivunja amri ya tisa, hata kama lengo lake lilikuwa kuitetea ya kwanza.

Je, ni lini umesikia maneno haya matatu yakichanganywa kanisani? Nani aliumia?

JUMANNE: Kolelo, Listra na mvua

Upande wa mashariki wa Uluguru kuna pango la Kolelo. Zamani watu walitoka hata Uzaramo, safari ya siku nyingi kwa miguu, kuja kuomba mvua huko. Masimulizi yanamtaja nyoka mkubwa ndani ya pango. Mnamo 1905, vita ya Maji Maji ilipoanza, habari za Kolelo zilienea kuelekea pwani. Mmisionari Mjerumani Martin Klamroth aliziandika miaka michache baadaye.

Msomaji wa Biblia akisikia “nyoka” hukimbilia Mwanzo 3, na kesi inakwisha. Lakini mkulima yule alibeba njaa ya watoto wake. Alikuwa anatafuta mvua. Na jina Mulungu, Muumba aliye juu ya wazee wote, alikuwa nalo kabla mmisionari hajafika. Neno letu “Mungu” ni ndugu yake wa damu. Tunamwomba Baba yetu kwa neno tulilolikuta kwa watu tunaosema hawakumjua.

Soma Matendo 14:8–18. Watu wa Listra walikuwa tayari kuchinja ng'ombe kwa ajili ya Paulo na Barnaba. Paulo anaanzia wapi?

Anaanzia mvua. Anawaambia kwamba hizo mvua na majira ya mazao waliyokuwa wakiyafurahia ni ushahidi wa Mungu aliye hai, aliyekuwa akiwatendea mema siku zote. Hakusema walikuwa wakila mkate wa Shetani. Wakati huo huo hakuwadanganya: mambo yale waliyokuwa wakiyafanya aliyaita ubatili, akawaomba wageuke. Kwa watu wanaoishi penye chemchemi za Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam, sijui hotuba gani ingefaa kuliko hiyo.

JUMATANO: Swali la vijana

Vijana wameuliza pia juu ya Wazungu wanaojiita wapagani kwa hiari yao. Ni kweli wapo. Nchini Iceland chama chao kilisajiliwa na serikali mwaka 1973. Uingereza wengi wao hufuata njia iliyotangazwa na Gerald Gardner katika kitabu chake cha 1954. Huheshimu majira ya mwaka, mwezi, na miungu ya kale ya Ulaya. Husemwa kwamba wanamwabudu Shetani, lakini wengi wao hata hawaamini kwamba yupo. Wao humhesabu kuwa ni wa kitabu chetu. Twaweza kuona hatari katika njia yao bila kuwasingizia ibada wasiyoifanya.

ALHAMISI: Tunapokataa

Kumbukumbu la Torati 18:9–14 haijafutwa, na Mhubiri 9:5, 6 inatuambia hali ya wafu. Mzee aliyelala hasikii unga ukimwagwa. Hatuwezi kumwomba, wala kumwogopa. Hapa hatufanani na jirani yetu, na ni heshima kumwambia hivyo waziwazi kuliko kuhudhuria kwa mguu mmoja.

Soma Yoshua 22:10–34. Makabila yaliposikia habari za madhabahu ng'ambo ya Yordani walitaka vita. Finehasi alitumwa kwanza kuuliza. Jibu lilizuia damu.

Soma 2 Wafalme 5:15–19 na 1 Wakorintho 10:25–28. Katika ukoo kuna kazi nyingi ambazo si ibada: kuteka maji, kuezeka nyumba ya mama mkubwa, kuchimba kaburi, kutoa mchango wa mgonjwa. Mwadventista awe wa kwanza katika hizo, ili siku anapokaa kando wakati wa kutambika, wajue hakai kando kwa dharau.

IJUMAA: Maswali ya kujadili

1. Nani katika darasa lenu amewahi kumwuliza mzee wa ukoo wake tambiko lina maana gani kwake, akamsikiliza mpaka mwisho? Alieleze darasa alichosikia.

2. Paulo alipokuwa Listra alitaja mvua. Katika kijiji chenu ungetaja nini?

3. Mjomba amefariki, na ukoo umemchagua mpwa wake, mshiriki wa kanisa lenu, arithi jina lake. Pamoja na jina huja sauti katika mambo ya mashamba ya ukoo, malezi ya yatima wawili, na kazi ya kuongoza tambiko. Wazee wanasema hivyo vyote ni kimoja. Je, amwombe nani ushauri, awaulize wazee nini kabla ya kujibu, na kanisa liwe tayari kubeba nini akikataa?